VIPEPEO WA MILIMA YETU NA WALE WANAOWAPA MAJINA

Wako wasomaji watakaostaajabu kuuona ukurasa huu, ambao kwa desturi husema juu ya mishahara, ushirika, mazao na siasa za dunia, leo ukisema juu ya vipepeo. Watasema kwamba kipepeo ni mchezo wa watoto, na kwamba mtu mzima mwenye shamba la kulima na watoto wa kusomesha hana nafasi ya kumfukuza mdudu kwa wavu. Hatuwalaumu. Twawaomba tu wavumilie kidogo, kwani jambo tunalotaka kulisema linahusu misitu na maji, linahusu kazi ya mikono na kazi ya akili, tena linahusu swali la zamani ambalo chama chochote cha wananchi hakina budi kulijibu: mali iliyomo katika nchi, ni nani aijuaye, na ujuzi huo umewekwa wapi?

Waliosoma katika shule za misheni wanaikumbuka habari ya Adamu, aliyeletewa wanyama wa mwitu na ndege wa angani ili awape majina. Kazi ile, kwa jinsi ilivyosimuliwa, ilikwisha mara moja. Katika dunia hii tunayoiona kwa macho haijakwisha hata leo. Wataalamu wamekwisha kuwapa majina vipepeo wa aina zaidi ya 18,000, na kila mwaka wanaongezeka wengine. Hao wapya hawatoki sana Ulaya, ambako kila bonde limechunguzwa na mapadri, walimu na mabwana wenye nafasi kwa muda wa miaka 250. Wengi wanatoka katika nchi za joto, na baadhi yao wanatoka katika milima yetu wenyewe.

Milima tunayoikusudia ni ile iitwayo Tao la Mashariki. Inaanzia Taita, upande wa Kenya, ikapita Upare na Usambara, ikashuka Nguu, Nguru, Ukaguru, Uluguru, Rubeho na Mahenge, hata ikafika Udzungwa, juu ya bonde la Kilombero. Si mirefu kama Kilimanjaro, wala haikuzaliwa na moto kama Meru. Ni miamba ya kale sana, na mawingu yatokayo Bahari ya Hindi yameinyeshea mvua kwa mamilioni ya miaka, hata nyakati zile sehemu nyingine za Afrika zilipokauka. Ndiyo sababu misitu yake imedumu. Lakini kati ya mlima na mlima kuna nyika ya joto na vumbi, ambayo kipepeo wa msitu wa ubaridi haivuki kwa urahisi, kama vile mtu asiye na chombo asivyoweza kutoka Bagamoyo kwenda Unguja. Hivyo kila mlima ni kisiwa. Kipepeo aliyefungiwa katika kisiwa chake kwa karne nyingi huanza kutofautiana na ndugu zake wa kisiwa cha pili: doa linapanuka, rangi inakoza, ncha ya bawa inachongoka, mpaka siku moja mtu mwenye jicho zuri anasema kwamba hawa si wamoja tena.

Lakini mwenye jicho hilo lazima kwanza afike. Na hapa ndipo siasa inapoingia, wala si sisi tulioiingiza.

Usambara imejaa majina katika vitabu vya wataalamu. Mwaka 1902 Wajerumani, walipokuwa wakiitawala nchi hii, walifungua pale Amani taasisi ya elimu ya viumbe na kilimo, wakapanda miti kutoka kila pembe ya dunia, wakajenga maabara na maktaba. Hawakufanya hivyo kwa kutupenda. Walitaka mazao ya kuuza. Hata hivyo mahali penye nyumba, njia na reli isiyo mbali, mtaalamu hulala pakavu na asubuhi huamka akachukua wavu. Waingereza walipowafuata waliendelea kufanya utafiti papo hapo. Nguu, Rubeho, Ukaguru na Mahenge hazikupata taasisi ya namna hiyo, na misitu yake mingi ilibaki bila ya kuchunguzwa vema mpaka karne ya 20 ikakaribia kwisha. Mtu akiitazama ramani ya vipepeo bila ya kuyajua hayo, atadhani kwamba Mwenyezi Mungu aliipendelea Usambara akaisahau Rubeho. Ramani ile ni ya mahali watu walipopita na wavu, na wavu ulifuata barabara.

Tena hata Usambara yenyewe haikumalizwa. Kuna jamii ya vipepeo wa msituni waitwao Cymothoe, wazuri sana, ambao dume huwa na rangi kama ya maziwa au manjano na jike huwa na mavazi mengine kabisa. Wawili katika hao, mmoja aliyeitwa kwa jina la Amani na mwingine kwa jina la msitu wa Magamba karibu na Lushoto, walielezwa na mtaalamu Rydon mwaka 1980, yaani miaka 78 baada ya taasisi ile kufunguliwa. Huko Udzungwa mambo ni makubwa zaidi. Mwaka 1991 watafiti kutoka Denmark, wakiwa kambini, waliona ndani ya sufuria ya chakula miguu ya ndege wasiyemfahamu. Wakafuata habari zake, na mwaka 1994 ndege huyo wa jamii ya kwale akatangazwa kwa ulimwengu kuwa ni mpya. Mpishi bila shaka hakuona upya wowote. Mwaka 2005 akafuata kima mkubwa wa Rungwe na Udzungwa, ambaye wataalamu walimwita kipunji kwa sababu ndilo jina alilokuwa nalo siku zote kwa Wanyakyusa. Ikiwa ndege wa kuliwa na kima mzima waliweza kukaa nje ya vitabu mpaka juzi, sembuse mdudu ambaye bawa lake halizidi kidole gumba?

Sasa tueleze kazi yenyewe, kwani wengi hudhani kwamba kumpa kipepeo jina ni kama kumpa mtoto jina: baba anasema, watu wanaitikia, kwisha. La hasha. Ni kazi ndefu yenye jasho lake, na ina sheria kama mahakama.

Mwasisi wa majina haya ni Msweden Carl Linnaeus, na kitabu chake cha mwaka 1758 ndicho kilichokubaliwa na mataifa kuwa mwanzo wa majina ya wanyama wote. Kila kiumbe hupewa maneno mawili, la kwanza likiwa kama jina la ukoo na la pili likiwa lake mwenyewe. Jina la kwanza kutangazwa kwa kufuata kanuni ndilo lishindalo. Atakayekuja nyuma, hata akiwa mkuu wa makumbusho makubwa, hana haki ya kulibadili kwa kuwa halimpendezi. Lazima maelezo yachapishwe, na lazima yaonyeshe kiumbe huyo anatofautiana vipi na wenzake. Tena katika vielelezo vyake mwandishi huchagua kimoja tu, ambacho tangu siku hiyo ndicho shahidi wa jina. Sisi tutakiita kigezo. Tangu mwaka 2000 kanuni zinamtaka mwandishi akitaje kigezo hicho waziwazi na kusema kitahifadhiwa wapi. Pakitokea ugomvi baada ya miaka mia, watu hawataulizana maneno. Wataifungua droo na kumtazama shahidi.

Kabla ya kufika huko, mtu amepanda mlima. Amengoja jua litoke katika ukungu, kwani vipepeo wengi hawaruki penye baridi. Wengine hawashuki chini hata kidogo, bali huishi juu ya vilele vya miti. Hao hutegwa kwa ndizi zilizovunda, na wako ambao hupendelea mavi ya chui kuliko ua lolote, jambo ambalo twawaachia washairi walifikirie. Kipepeo akishakamatwa huwekwa katika karatasi iliyokunjwa pembetatu. Nyumbani hulainishwa kwa unyevu, akatandazwa mabawa, akachomwa pini. Ndipo kazi ya macho inapoanza. Hulinganishwa na ndugu zake wote waliokwisha kujulikana, doa kwa doa na mshipa kwa mshipa. Na kwa kuwa rangi huweza kudanganya, ncha ya tumbo la dume huchemshwa katika dawa mpaka nyama ziyeyuke, na viungo vya uzazi hutazamwa kwa hadubini, maana umbo lake mara nyingi hutofautiana aina kwa aina hata pale mabawa yanapofanana. Tangu mwaka 2003 imezidi njia nyingine, ya kusoma kipande kifupi cha vinasaba, kama vile polisi wasomavyo namba ya gari. Njia hiyo yasaidia sana, ila namba ya gari haikwambii dereva ni nani.

Kwamba rangi hudanganya, hakuna shahidi bora kuliko Papilio dardanus, kipepeo mkubwa wa misitu yetu, ambaye Usambara anaonekana bila ya shida. Dume wake ni manjano na weusi, mwenye mikia miwili nyuma. Alipewa jina mwaka 1776. Baadaye wakaonekana vipepeo wengine wa msituni wasio na mikia: mmoja mweusi mwenye madoa meupe, mwingine mwenye rangi ya chungwa, na wengineo. Kila mmoja akapewa jina lake kwa heshima zote na wataalamu wa Ulaya waliokuwa wameketi mezani wakipokea vielelezo kwa posta. Ikapita miaka mingi. Mwaka 1869 Roland Trimen, aliyekuwa akikaa Afrika ya Kusini na kuwaona vipepeo hao wakiwa hai, alionyesha kwamba hao wote walikuwa majike wa yule dume mwenye mikia. Wengi mezani walikataa. Walisema haiwezekani wake wa mume mmoja wasifanane hata kidogo, wala na mumewe. Hatimaye watu wakachukua mayai ya jike mmoja wakayalea, wakaona kwa macho yao watoto wa kike wa mama mmoja wakitoka na mavazi mbalimbali.

Sababu yake ni ya ajabu. Majike hao wanaiga sura za vipepeo wengine wenye sumu, wa jamii ya Amauris na ya Danaus, ambao viwavi wao hula mimea yenye utomvu mweupe, na ndege akiwaonja mara moja hawarudii. Jike wa dardanus hana sumu. Amevaa nguo ya mwenye sumu. Na kwa kuwa wenye sumu katika msitu mmoja si sawa na wale wa msitu mwingine, majike nao hubadilika kwa mahali. Dume amebaki na mikia yake. Tunalieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu linafunza kitu kimoja ambacho wakuu wa makumbusho hawakukipenda: yule aliyekaa porini na kumtazama kiumbe akila, akioana na kutaga, alimshinda mwenye droo elfu.

Na droo zenyewe ziko wapi? Vielelezo vingi vya zama za Wajerumani vimo Berlin, na vya zama za Waingereza vimo London. Tajiri mmoja wa ukoo wa mabenki, Walter Rothschild, aliwalipa wakamataji ulimwenguni kote, akajikusanyia katika nyumba yake ya Tring vipepeo na nondo zaidi ya milioni mbili. Alipofariki mwaka 1937 wakawa mali ya makumbusho ya taifa la Uingereza. Hivyo kijana wa Morogoro anayetaka kujua kama kipepeo aliyemkamata juu ya Uluguru ni mpya au ni wa zamani, mara nyingi shahidi wake yuko ng'ambo ya bahari. Hata kitabu kikubwa kuliko vyote juu ya vipepeo wa Tanzania, cha Mnorwe Jan Kielland aliyeizunguka nchi hii kwa miaka mingi, kilichotoka mwaka 1990, ni cha Kiingereza na si cha mfuko wa mwalimu wa shule ya kijijini.

Wapo watakaosema virudishwe vyote kesho. Sisi hatusemi hivyo. Kipepeo aliyekauka ni kitu dhaifu kuliko karatasi. Katika unyevu wa pwani yetu humea ukungu, na droo isiyofungwa vema na isiyo na dawa huingiwa na wadudu ambao kwa mwaka mmoja huacha pini na vumbi. Kurudisha mashahidi katika nyumba isiyo na kabati ni kuwaua mara ya pili. Kwanza zijengwe kabati, waajiriwe walinzi wake kwa mshahara wa kudumu, ndipo tudai. Lakini tangu leo tunaweza kudai picha zao, kila upande, pamoja na maandishi ya karatasi zao, na kigezo cha kila aina mpya itokayo katika milima hii kiwekwe Afrika. Madai hayo ni ya haki, wala hayagharimu meli.

Mkulima wa Usambara anaweza kutuuliza: haya yote yananihusu nini mimi? Swali hilo si la dhihaka. Huko Derema, Usambara Mashariki, wakulima waliokuwa wakipanda iliki chini ya miti waliondolewa katika miaka ya 2000 ili msitu uhifadhiwe. Walilipwa fidia, na manung'uniko juu ya fidia hiyo yalisikika kwa muda mrefu. Mtu aliyeng'olewa iliki yake ana haki ya kujua ni kwa ajili ya nani. Akiambiwa ni kwa ajili ya "viumbe adimu", na asionyeshwe hata kimoja, wala asiambiwe jina lake, ataona kwamba ameondolewa kwa ajili ya mzimu wa Wazungu.

Jibu la kwanza ni maji. Mji wa Tanga unakunywa maji ya mto Zigi, utokao katika misitu ya Usambara Mashariki. Dar es Salaam inakunywa maji ya Ruvu, ambayo sehemu yake kubwa hutoka Uluguru. Umeme wa Kihansi hutokana na maji yashukayo Udzungwa. Mfanyakazi wa kiwandani Ubungo ambaye hajapata kuuona msitu wa Uluguru anaunywa kila siku asubuhi. Jibu la pili ni kwamba wanaopima msitu upi ufungwe na upi uachiwe wananchi hutumia orodha: ni viumbe gani waliomo humo ambao hawapatikani mahali pengine popote? Kiumbe asiye na jina hawezi kuingia katika orodha hiyo. Kipepeo wa Rubeho ambaye hajaelezwa ni kama mfanyakazi ambaye jina lake halimo katika daftari la mshahara. Anafanya kazi, lakini siku ya kugawa hayupo. Wala orodha mbovu haimuumizi kipepeo peke yake, kwani mipaka ikichorwa kwa kubahatisha, huenda mkulima akaondolewa mahali pasipostahili na mwenye msumeno akaachiwa mahali palipostahili.

Twaweza kuona Taita mambo yanavyokuwa yakichelewa. Katika vilima vile wamo vipepeo wasiopatikana mahali pengine, akiwamo Cymothoe mmoja aliyepewa jina la Taita na daktari van Someren wa Kenya mwaka 1939. Viwavi wa Cymothoe kadhaa wa Afrika Mashariki hula majani ya miti iitwayo Rawsonia, na penye mti huo hakuna badala. Misitu ya asili ya Taita imebaki vipande vipande. Msitu wa Ngangao, ambao ni mmoja wa vikubwa, una hekta zipatazo 120 tu. Shamba moja la mkonge ni kubwa zaidi. Kipepeo hula mti wake, na mti wake uko pale, basi.

Lakini Usambara ilileta pia habari njema, na tunaitaja kwa furaha. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa kufuata mfano wa wakulima wa karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke huko Kenya ambao walianza mwaka 1993, wanavijiji wa Amani walianza kufuga vipepeo. Mkulima hujenga kibanda cha chandarua, akaweka humo majike watage, akawalisha viwavi kwa majani aliyoyapanda mwenyewe, na wanapogeuka kuwa pupa huwapeleka penye ukusanyaji. Kutoka hapo walisafirishwa kwa ndege mpaka Ulaya na Marekani, ambako watu hulipa kiingilio ili wawaone vipepeo hai katika nyumba za vioo. Sehemu kubwa ya fedha ilikwenda kwa wakulima, na sehemu ilikwenda kwa mfuko wa maendeleo wa kijiji. Akina mama walikuwa wengi katika kazi hiyo. Kwa mara ya kwanza msitu uliosimama ulimlipia mtu ada ya shule.

Mwaka 2016 Serikali ilipiga marufuku, kwa miaka mitatu, kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi. Sababu zake tunazijua na tuliziunga mkono: nchi nzima ilikuwa bado ina uchungu wa twiga waliopakiwa ndege usiku mwaka 2010 wakapelekwa Uarabuni. Ila wavu uliotupwa kwa ajili ya papa ulinasa dagaa. Pupa wa mama wa Amani, aliyemlea mwenyewe kutoka yai, alihesabiwa sawasawa na twiga aliyeibwa mbugani, na kibanda chake kikakosa soko. Pupa hangoji, baada ya siku chache anapasuka na kuruka, amri iwepo au isiwepo. Sisi tunaona, na tunasema bila ya kificho, kwamba sheria ya namna hiyo haina budi kupambanua kati ya mnyama aliyeibwa na mdudu aliyefugwa. Kumlinda twiga hakuhitaji kumfukarisha mfugaji wa viwavi.

Tena wafugaji hao wana kitu ambacho Berlin na London hazina. Aina nyingi za vipepeo wetu zimeelezwa kwa mabawa tu. Mayai yao, viwavi wao na miti wanayokula havijaandikwa na mtu. Mama aliyetembea msituni miaka kumi akitafuta mayai, anayejua kwamba kiwavi huyu hula jani hili na akipewa lile atakufa, amekwisha kuifanya nusu ya kazi ya mtaalamu. Amekosa kalamu na mtu wa kumwuliza. Twakumbuka ni nani aliyelifumbua fumbo la dardanus: ni wale waliolea mayai.

Watu wengine wamekwisha kutuonyesha kwamba kazi hii haihitaji kungoja. Huko Msumbiji, mlima Mabu ulikuwa karibu haujulikani na wataalamu mpaka mwaka 2005, mmoja wao alipouona msitu wake katika picha za setilaiti. Gazeti baada ya gazeti huko Ulaya liliandika kwamba msitu "umegunduliwa". Wananchi wa pale walikuwa wakiujua siku zote, tena wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyokwisha mwaka 1992 walikimbilia humo kuokoa maisha yao. Mwaka 2008 msafara mkubwa wa wanasayansi, wakiwamo Waafrika kutoka nchi jirani, uliingia Mabu, na kufikia mwaka 2010 vipepeo wapya wa mlima huo walikuwa wamekwisha kuchapishwa kwa majina yao. Miaka mitano tu kutoka picha mpaka majina. Rubeho haiko mbali na Dodoma, wala mtu hahitaji setilaiti kuiona.

Twajua hoja itakayoletwa: fedha hakuna. Lakini kazi ya kueleza aina mpya ni katika kazi za sayansi zilizo rahisi kwa gharama. Haitaki mtambo wa atomiki. Inataka hadubini moja nzuri, pini, makabati yanayofungwa, maktaba, na mtu aliyefundishwa ambaye hahamishwi kila mwaka kwenda ofisi nyingine. Vitabu vya zamani vya karne ya 18 na ya 19, vilivyokuwa vikifungiwa katika miji mikuu ya Ulaya, vingi sasa husomwa bure kwa kompyuta. Tangu mwaka 2012 hata maelezo ya aina mpya yanaruhusiwa kuchapishwa kwa njia hiyo, mradi yaandikishwe katika daftari la kimataifa liitwalo ZooBank. Ule ukuta uliomfanya kijana wetu awe mbeba wavu wa mgeni umebomoka kwa sehemu kubwa. Kilichobaki ni vyuo vyetu kuamua kwamba elimu hii ya kutambua viumbe ni elimu ya kuajiriwa, na si ya kupita tu katika mtihani.

Kwa muda huu, shule za sekondari za milimani zaweza kuanza bila ya kungoja waraka. Kwanza mwalimu aombe kibali cha wenye msitu, kwani hifadhi si shamba la bibi. Kisha wavu waweza kushonwa kwa chandarua kikuukuu na waya, na karatasi za pembetatu zaweza kukunjwa kutoka katika gazeti hili mkishalisoma. Wachukuliwe wachache, si kwa mamia. Kinachopotea daima ni maandishi, na kipepeo asiye na maandishi ni pambo tu. Basi juu ya kila karatasi iandikwe kwa penseli, ambayo haifutiki kwa maji: mlima, msitu, urefu kutoka usawa wa bahari, tarehe, saa, na mti au ua alilokuwa ametua. Jina la kijiji liandikwe kama wanakijiji wenyewe wanavyolitamka. Chini yake liandikwe jina kamili la mwanafunzi aliyemkamata, lake na la baba yake.